Maswali na Majibu: Fungueni Maktaba, Vitabu Vitoke

Maswali ya safari hii yametoka wilaya mbalimbali za Mkoa wa Tabora. Mengi ni ya walimu wa sekondari, machache ya wanafunzi na wazazi. Nimeyafupisha. Aliyeuliza jambo lililokwisha kujibiwa hapa mara nyingi atanivumilia nikimjibu kwa ufupi.

Mkuu wetu wa shule ameagiza vitabu visitoke nje ya maktaba kwa sababu mwaka jana vilipotea vingi. Maktaba inafunguliwa saa tano hadi saa nane. Mimi ndiye mwalimu wa maktaba, nifanyeje? (Mwalimu, Urambo)

Mwalimu, hiyo mliyonayo ni stoo yenye rafu. Wanafunzi wako darasani tangu asubuhi hadi saa nane na nusu. Ikifungwa saa nane, ilifunguliwa kwa ajili ya nani? Anza na ratiba. Omba mlango uwe wazi wakati wa chai, na tena baada ya vipindi hadi saa kumi na mbili jioni. Kama mna bweni, ongeza saa za prepo (kujisomea usiku) hata kwa siku mbili za wiki. Najua una vipindi vyako na huwezi kukaa pale kutwa, ndiyo maana unahitaji viranja wa maktaba, wawili kwa kila kidato. Wafundishe kujaza daftari la kuazimisha, kugonga mhuri wa tarehe na kurudisha kitabu kwenye rafu yake. Wachague miongoni mwa wanaopenda kusoma, hata kama hawashiki namba za juu darasani.

Sasa huo upotevu. Mara nyingi hakuna mwizi. Kiranja wa darasa anachukua vitabu kumi vya fizikia kwa niaba ya wenzake, daftari linaandikwa "Kidato cha Tatu B", na muhula ukiisha kila mmoja anasema kiko kwa mwenzake. Andika jina la mwanafunzi mmoja kwa kila kitabu, namba ya usajili ya kitabu, tarehe ya kurudisha, kisha atie saini. Wiki mbili zinatosha. Fuatilia kila Ijumaa. Ukingoja siku ya kufunga shule, watu wana mabegi begani na wanawahi basi, hutapata kitu.

Hata ukifanya yote hayo, vingine vitapotea na vingine vitachanika. Wakuu wa shule mnaosoma ukurasa huu, naomba mnisikie: kitabu kilichochakaa mikononi mwa wanafunzi kimefanya kazi iliyokileta shuleni. Utaratibu wa kukifuta kwenye ledja, yaani daftari la mali za shule, upo, utumieni. Mwalimu anayeogopa kukatwa mshahara kwa kitabu kimoja cha kemia atafunga mlango, na yeyote angefunga. Wakaguzi humuuliza vitabu vingapi vipo, hawamuulizi vingapi vimesomwa. Ewe wa Urambo, weka idadi ya vitabu vilivyoazimwa kwenye taarifa yako ya kila mwezi, uulizwe usiulizwe. Mkuu akikuta vitabu sita vimetoka mwezi mzima katika shule ya wanafunzi mia saba, hutahitaji kumweleza zaidi.

Naomba unitumie notisi zote za Kidato cha Nne pamoja na majibu ya mitihani iliyopita. (Mwanafunzi, Nzega)

Sina, na hata ningekuwa nazo nisingetuma. Ombi hili linakuja kila mara, na jibu ni lile lile: soma mada kwenye kitabu kwanza, mitihani iliyopita ifuate.

Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili. Vitabu vya kiada havitoshi, na vilivyoko maktaba ni vya zamani. Maktaba hiyo itanisaidia nini? (Mwalimu, Manispaa ya Tabora)

Itakusaidia ukiiambia unachofundisha. Je, umewahi kumpa mwalimu wa maktaba nakala ya azimio lako la kazi, yaani mpango wa mada utakazofundisha na lini? Walimu wengi hawajawahi, halafu wanalalamika kwamba maktaba haina kitu. Mpe mwanzoni mwa muhula. Akijua kwamba mwezi Machi unaingia mada ya ukoloni, Februari ataanza kukusanya: kitabu cha zamani, ramani, gazeti lililohifadhiwa, picha. Anaviweka kwenye kasha moja, anabandika jina la mada, nawe unalibeba hadi darasani. Somo lako lilikuja na mtaala mpya ulioanza Januari 2024, lakini mambo unayoyafundisha ni ya zamani, kwa hiyo usidharau kitabu kwa kuwa kurasa zake zimekuwa za njano.

Tena uko Tabora, mahali ambapo kasha linajaa lenyewe. Hapa ndipo penye Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, na Mtemi Isike wa Unyanyembe aliyewasha baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani. Reli ilifika mwaka 1912, Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916, na Januari 1958 mkutano wa TANU uliokaa hapa hapa uliamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Tembe la Kwihara alikokaa Livingstone liko jirani na mji. Wapeleke wanafunzi, au watume likizo wakawaulize wazee wao habari za reli, tumbaku, asali na shule za zamani, kisha waandike. Zile kazi bora zishonwe, zipigwe mhuri wa maktaba, zipewe namba ya usajili na kuwekwa rafuni. Wenzao watakuja kuzisoma kwa sababu mwandishi wanamjua, wanakaa naye bweni moja.

Kuhusu nakala chache: zibaki maktaba mchana kutwa, ziazimwe saa kumi na mbili jioni, zirudi kabla ya mstarini. Kwa utaratibu huo nakala nne zinapita mikononi mwa wanafunzi wengi kuliko unavyodhani. Ila usitoe fotokopi ya kitabu kizima. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, na waandishi wetu nao wana watoto wa kusomesha.

La mwisho kwako, ingawa hukuuliza: wewe mwenyewe jina lako liko kwenye daftari la kuazimisha? Viranja wanalifungua kila siku, wanaona nani anasoma na nani anahimiza tu.

Binti yangu yuko Kidato cha Pili. Kutwa anasoma riwaya za Kiswahili alizoazima shuleni, na mtihani wa Taifa unakuja. Nimkataze? (Mama, Igunga)

Mama yangu, usimkataze, tafadhali. Mpangie muda, lakini riwaya mwachie. Mtoto huyu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia Kidato cha Kwanza akakuta karibu masomo yote ni ya Kiingereza. Wengi hapo hukata tamaa ya kusoma kabisa, wakabaki kunakili ubaoni. Wako bado anasoma kwa hiari yake. Anafuata kisa kirefu, anakumbuka nani alifanya nini sura tatu nyuma, anakisia maana ya neno asilolijua. Hayo hayo ndiyo atakayoyahitaji kwenye baiolojia na jiografia. Mwombe akusimulie anachosoma mkiwa jikoni. Kisha mwambie mwalimu wa maktaba ampe hadithi nyepesi za Kiingereza, nyembamba, zenye maneno anayoyamudu. Asianzishiwe kitabu kinene cha kumtia aibu.

Kinachonisikitisha ni shule zinazonunua vitabu vya kiada na vya ziada vya masomo tu, zikiona hadithi ni anasa. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ni sekondari ngapi zenye kitabu chake hata kimoja rafuni?

Nipange vitabu kwa ukubwa au kwa rangi ya jalada? (Mwalimu, Uyui)

Kwa somo. Madaraja kumi makuu ya mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za masomo, yanakutosha kuanzia: sayansi 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Hadithi ziweke karibu na mlango, majalada yakiwatazama wanaoingia.

Nimepewa maktaba bila mafunzo yoyote. Wenzangu wanasema nimeadhibiwa. (Mwalimu, Sikonge)

Shule nyingine hufanya hivyo kweli, humpa maktaba mwalimu waliyegombana naye, na ni kosa kubwa. Lakini ukishaikalia hiyo kazi, ifanye. Fika Maktaba ya Mkoa mjini Tabora, omba kukaa na wakutubi hata siku moja uone wanavyosajili na kuazimisha. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ndiyo inayoendesha maktaba hizo, na chuo chake cha ukutubi kiko Bagamoyo. Mwombe mkuu akutafutie nafasi ya mafunzo. Na tangu leo piga marufuku kuleta wanafunzi watoro maktaba "wakaandike muhtasari" kama adhabu. Ukikifanya kitabu kiboko, usishangae wanafunzi wakikikimbia.

Mchwa wanatumaliza. (Kaliua)

Toa kila rafu ukutani, iachane na ukuta kwa kiganja kizima ili uone nyuma yake. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Mchwa hupanda kwa njia ya udongo, nyembamba, mara nyingi kwenye kona iliyofichwa na kabati. Ukiikwangua leo na kesho ikarudi, kiota kiko karibu, mwite fundi. Usidanganyike na kitabu kinachoonekana kizima: kivute, kifungue. Nimeona kamusi yenye mgongo safi na jina lake la dhahabu, ndani udongo mtupu kuanzia herufi C hadi M. Na hilo huwapata zaidi vitabu visivyoguswa mwaka mzima.

Wanafunzi wana intaneti siku hizi. Maktaba ya nini? (Mzazi, Tabora)

Shuleni simu haziruhusiwi, mzee wangu, na nyumbani bando ni la nani? Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Shule ikiwa na kompyuta moja yenye intaneti, iwekwe maktaba, mwalimu awaongoze kuitumia.

Tulitoa zawadi kwa aliyeazima vitabu vingi zaidi. Wakawa wanaazima na kurudisha bila kusoma. Tufanyeje? (Mwalimu, Nzega)

Ondoeni hesabu. Kila Jumatatu mstarini mpeni mtu mmoja dakika mbili aeleze kitabu alichosoma: kimemfurahisha wapi, kimemkera wapi, na asimalizie kisa. Zamu zichanganyike, leo mwanafunzi, wiki ijayo mwalimu wa hisabati, inayofuata mpishi wa shule akitaka. Kitabu hicho kiwe mezani maktaba siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi ya foleni ya wanaokitaka. Wa kwanza kusimama awe mkuu wa shule.