Vyeti vyote tunavyo, mbona wateja wametapika?

SWALI: Nina hoteli ndogo hapa Kondele, Kisumu. Wapishi wangu watatu wana vyeti vya afya ambavyo bado havijaisha. Wiki jana wateja wanne walikula wali na maharagwe saa saba mchana, na kufika saa kumi wote walikuwa wanatapika. Wali tuliupika usiku, na asubuhi tukaupasha hadi ukatoa mvuke. Sasa broka anataka nimpe pesa aniletee vyeti vipya bila wapishi kupimwa, eti nijikinge kabla afisa hajaja. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata shilingi, mama. Cheti cha mtu ambaye hajapimwa ni karatasi ya uongo, na kikikamatwa mkononi mwako kesi ni yako. Broka atakuwa amezima simu.

Kutapika ndani ya saa tatu kunanifanya niushuku wali kwanza. Mchele hutoka shambani na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, bakteria wanazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiharibiki kwa moto wa jikoni. Ule mvuke wa asubuhi haukusaidia kitu. Kama wali ulibaki, usiumwage. Uweke pembeni, ufunike, na uwapigie watu wa afya ya umma mwenyewe.

Katika ukaguzi wangu wa hoteli, jambo hili naliona kila mara. Hivi majuzi nilifunua sufuria kubwa ya wali saa moja asubuhi, uliopikwa saa tatu usiku. Juu ulikuwa baridi na umeganda. Nikazamisha kipimajoto hadi katikati: nyuzi 39. Usiku kucha bakteria walikuwa wamelala pazuri. Mwenye hoteli alikuwa amenishikia faili ya vyeti, vyote halali.

Wali wa kuuza uwe moto kupita nyuzi 60, la sivyo upoe haraka hadi chini ya 5. Uutandaze kwenye sinia pana, usizidi vidole vitatu kwenda juu, kisha uuingize kwenye friji. Kama huna friji, pika wa siku hiyo tu.

Cheti kinasema tu kilichoonekana kwenye vipimo vya mpishi siku moja, kisha kinatumika miezi sita. Mpishi anaweza kuambukizwa kesho yake. Jipu kidoleni mwake linaweza kutia chakula sumu nyingine isiyokufa kwa moto, na cheti hakitaliona. Wapimwe, ndiyo, sheria inataka hivyo, lakini msiniambie chakula ni salama kwa sababu ya muhuri.

Na hili nawaambia hata wakaguzi wenzangu kazini. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula. Kusimamia si kuitisha leseni na vyeti mlangoni, kutia sahihi na kwenda hoteli inayofuata. Mkaguzi asiyefunua sufuria, asiyeuliza wali ulipikwa saa ngapi, asiyetazama kama kuna maji na sabuni karibu na choo, ndiye anayempa broka soko. Watu wakijua tunatafuta karatasi tu, watanunua karatasi.

Afisa akija kwako, mwombe apime joto la wali kwanza. Vyeti atavisoma baadaye.