Mshahara wa kutajwa na mshahara wa mkononi: maswali yenu

Hesabu zote hapa ni za Tanzania Bara, kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vilivyoanza Julai 2021.

Kati ya daktari, mhandisi na mhasibu, nani analipwa zaidi?

Swali hili linarudi kila wiki na halijibiki. Daktari yupi? Aliyeajiriwa jana kwenye halmashauri, au bingwa mwenye miaka 15 kazini? Leteni slipu mbili zenye tarakimu, tutalinganisha.

Mimi ni mwalimu wa serikali, mshahara wa msingi 1,000,000. Rafiki yangu ni mhasibu wa kampuni, naye 1,000,000, ila hadaiwi na Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Mbona ananiacha mbali hivyo?

Anakuacha kwa sababu ya deni, taaluma haihusiki. Tuanze na slipu yako. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 5%, yaani 50,000. Inabaki 950,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi: 68,000 kwa 760,000 za mwanzo, kisha 25% ya 190,000 zilizozidi, jumla 115,500. NHIF, bima ya afya, 3%, 30,000. Bodi ya Mikopo 15%, 150,000. Chama cha wafanyakazi 2%, 20,000. Unaondoka na 634,500. Mwenzako anakatwa NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, 10%, 100,000, na kodi ya 900,000 zilizobaki, ambayo ni 103,000. Anaondoka na 797,000.

Sasa toa mkopo na chama kwenye slipu yako. Unapata 804,500, umemzidi kwa 7,500, tena bima ya afya umeshailipia humo humo. Mwajiri wako anakuwekea 15% kwenye mfuko, wa kwake anamwekea 10%. Hayo hayaonekani mnapolinganisha vijiweni, na ndiyo maana vijana wanakimbia ajira nzuri kwa tarakimu waliyoisikia tu.

Kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara kwenye slipu za kampuni ndogo: kodi inakokotolewa baada ya kutoa kila kitu, au kabla ya kutoa chochote. Kinachotangulia kutolewa ni mchango wako wa pensheni. Mkopo wa elimu ya juu na NHIF havipunguzi kodi. Na deni likikaribia kwisha, omba taarifa ya salio mapema na uipeleke kwa mwajiri, la sivyo utaendelea kukatwa na kuanza kufukuzia marejesho.

Nikivuka milioni moja nitaingia kwenye 30%. Si bora nikatae nyongeza?

Usikatae. Hiyo 30% inatozwa kwenye kilichozidi milioni tu. Kipato kinachotozwa kodi kikipanda kutoka 1,000,000 hadi 1,010,000, kodi inaongezeka 3,000 na wewe unabaki na 7,000. Uvumi huu umewakosesha watu vyeo.

Kampuni imeniahidi "milioni moja na nusu mkononi". Nisaini?

Usisaini hadi mkataba uandike mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Ili ubaki na 1,500,000 baada ya NSSF na PAYE, ghafi inatakiwa iwe karibu 2,108,000. Mkataba ukiandika 1,500,000 bila neno "baada ya makato", utaondoka na 1,117,000, na kama una mkopo wa Bodi toa 15% nyingine. Wapo waajiri wanaokupa 1,500,000 kweli, lakini NSSF wanaipelekea michango ya mshahara wa laki nne. Utayajua siku ya kudai mafao. Angalia michango yako NSSF kila baada ya miezi mitatu. Slipu inaonyesha umekatwa, haithibitishi kwamba fedha zimefika.

Hospitali binafsi inanipa posho ya nyumba 200,000 sawa na ya serikali. Kuna tofauti?

Kubwa. Kwa mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya serikali, posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka na ya saa za ziada hazitozwi kodi ya mapato. Kwako zinatozwa, na NSSF nayo inachukua 10%. Kwa mshahara wa 1,000,000, posho yako ya 200,000 inakufikia 131,000.

Muuguzi wa zamu za usiku: nalipwa 780,000, dada yangu karani wa ofisi analipwa 700,000. Si nimemzidi?

Linganisheni kwa saa. Sheria ya kazi inagawa mshahara wa mwezi kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45, yaani karibu saa 195. Saa yako ni 4,000, yake ni takriban 3,590. Hapo umemzidi, mradi hufanyi kazi zaidi ya saa 45 kwa wiki. Ukifika saa 55 bila malipo ya ziada, saa yako imeshuka hadi karibu 3,270 na yeye amekupita.

Unachostahili ni hiki: saa ya ziada ni mara moja na nusu, kwako 6,000, sikukuu ni mara mbili, na kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya 5%, kwako 200. Zamu 10 za saa nane ndani ya muda huo ni 16,000. Ni ndogo, lakini ni yako, na slipu nyingi hazina mstari huo kabisa. Tahadhari kwa wanaopandishwa: anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hana haki hizi za saa. Kabla ya kufurahia cheo, jumlisha ulichokuwa ukipata kwa saa za ziada.

Nina ajira ya pili ya jioni. Mbona wananikata 30% kuanzia shilingi ya kwanza?

Ndiyo sheria. Nafuu ya 270,000 za mwanzo zisizotozwa kodi unaipata kwenye ajira kuu peke yake.

Mimi nina "mkataba wa huduma", nakatwa 5% tu. Nimewashinda wote?

Hiyo 5% ni zuio, sehemu ya kodi yako iliyotangulizwa. Bado unatakiwa kupeleka ritani (taarifa ya mapato yako) TRA na kulipa kinachobaki. Pensheni huna, likizo yenye malipo huna. Kama unaingia saa 2 asubuhi, unatoka saa 11, una bosi na meza yako, hiyo ni ajira iliyopewa jina lingine. Dai mkataba wa ajira, na kama una mwaka mzima hapo, anza kwa kukusanya risiti zote za zuio.