Segera - Tanga kwa 140, unawahi nini hasa mkuu?

Mkuu umesema unakimbia spidi 140 kwa saa, ukauliza kwanini watu wanakuandama wakati lami ya Segera kuja Tanga imenyooka, Toyota IST yako iko fiti na madereva wanapigiana taa kujulishana ilipo tochi ya trafiki ya kupima spidi. Mi njia hiyo ndo inanilisha, nabeba abiria na mizigo Tanga - Dar, ngoja nikujibu kwa hesabu maana naona waliokujibu kwa matusi umewapotezea.

Segera mpaka Tanga mjini ni kama km 70. Ukikaa 80 mwanzo mwisho ni dakika 52 hivi, ukikaa 140 ni dakika 30. Umeokoa 22, lakini hizo ni za kwenye karatasi tu. Hale kibao cha 50, Muheza 50 na wauza machungwa wamejaa pembeni, Pongwe 50 tena, na katikati hapo unakuta semi zimefuatana tatu unakaa nyuma yake unatukana peke yako. Nishapitwa sana na hao wenye haraka, mtu anaovateki mpaka gari yangu inayumba, nafika Pongwe namkuta yupo gari mbili mbele yangu. Hapo bado hujatoa elfu 30 ya faini na muda wa kumbembeleza trafiki.

Sasa breki. Kwenye 140 gari inakata karibu mita 39 kila sekunde, yani ile sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, ushamaliza mita 39. Na spidi ikizidi mara 2 nguvu ya mwendo ambayo breki inatakiwa kuimaliza inakuwa mara 4, sio 2, hapo ndo wengi hawaelewi. Ukilinganisha na 80, kwenye 140 gari hiyo hiyo na breki hizo hizo inataka umbali karibu mara 3 tangu ukanyage breki mpaka isimame. Hizo taa za kupigiana zinakwambia trafiki yuko wapi, hazikwambii mbuzi yuko wapi wala bodaboda anayechomoka kwenye mashamba ya mkonge bila kuangalia. Na ile indiketa ya lori ya kukwambia pita, mwenye lori akikosea anayekufa ni wewe.

Gharama je? Jamaa yangu mmoja tairi lilipasuka akitokea Mkata kuja Kabuku, ye mwenyewe anasema alikuwa kwenye 130, gari ikabiringika mpaka kwenye majani. Alitoka na mkono umevunjika, akashukuru Mungu, halafu ndo akakumbuka ana bima ndogo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, bodi yako unanyoosha mwenyewe. Bredauni mpaka Tanga, rejeta, shokapu, vioo, mfuko wa hewa, mwisho akauza gari kama skrepa maana fundi alitaja hela inayokaribia bei ya IST nyingine. Tairi lenyewe lilikuwa la mtumba, kashata zake (meno ya tairi) nzuri kabisa kwa macho ila mpira ushazeeka, na joto la spidi ndo linamaliza mpira wa hivyo.

Mafuta nisiyaseme sana, upepo wenyewe unakula petroli, ukishapita 100 geji inashuka unaiona.

Wanaonitisha zaidi lakini ni hawa wa waja leo warudi leo, anatoka Dar alfajiri kuja kwenye harusi, anakula pilau lake, usiku anageuza maana Jumatatu ana kazi. Usingizi na 140 gizani, malori yameegeshwa barabarani bila taa wameweka majani tu, hapo sijui nikwambie nini. Lala mkuu, gesti Tanga zipo za bei zote.

We kabla hujatoka wikiendi hii chungulia ubavuni mwa tairi, kuna namba 4 mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za mwanzo wiki na mbili za mwisho mwaka, yani 2315 ni wiki ya 23 mwaka 2015. Uje utuambie zako zinasomaje.