SANDUKU LA FUNDI: Otorauta imefika asilimia mia, mbona bodi haifanyi kazi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tandika, nasoma umeme mwaka wa pili. Nimetengeneza kidude cha kuwasha pampu simtank ikipungua, maana kwetu maji yanakuja usiku wa manane na mtu lazima aamke. Nilichora kwenye KiCad (programu ya kuchora bodi za umeme), nikatafuta kitufe cha kupitisha treki (njia za shaba) zenyewe, yaani otorauta, sikukiona, jamaa akaniambia shusha Freerouting, otorauta ya bure. Nikabonyeza, ikamaliza zote, nikatengeneza bodi mwenyewe nyumbani kwa kuhamishia mchoro kwenye shaba kwa pasi, pande mbili. Sasa pini nyingine za aisii (chipu) hazina mawasiliano kabisa, na rilei (swichi ya kuwasha pampu) ikizima maikrokontrola inajirizeti. Tatizo ni programu ya bure? Ninunue ya kulipia?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Tunza hela yako.

KiCad kweli haina otorauta ndani, zamani ilikuwa nayo ndogo ikatolewa. Ndo maana unatoa faili la DSN (bodi ambayo treki hazijapangwa), unalipeleka Freerouting, unarudi na la SES (treki zimeshapangwa). Na hiyo Freerouting inasoma sheria ulizoiandikia tu, upana wa treki na nafasi kati ya treki na treki, basi. Haijui huu ni waya wa pampu na ule ni wa kitaa cha LED, kwake yote ni mistari inayotakiwa ifike. Asilimia mia yake maana yake mistari imefika, sio kwamba bodi itafanya kazi. Na za kulipia nazo, usipoziambia hazijui.

Tuanze na pini zako. Otorauta inapenda tabaka moja liende wima lingine mlalo, kwahiyo kila kona inatoboa via (tundu la kuunganisha treki ya juu na ya chini), na inaamini kiwandani tundu litapakwa shaba ndani. Wewe umetoboa kwa dreli nyumbani, tundu ni kavu! Halafu naamini (picha hukutuma) treki nyingine zimeingia kwenye pini kwa juu, chini ya soketi, ambako ncha ya solda haifiki hata ufanyeje. Bodi ya pasi mpangie upande mmoja tu: kwenye mipangilio ya Freerouting zima tabaka la juu, itakayoshindikana ruka nayo kwa kipande cha waya. Wala sio aibu, redio za wazee wetu zimejaa hizo jampa.

Kujirizeti sasa. Otorauta haihamishi kifaa hata milimita moja, ulipokiweka ndo hapohapo. Kama kapasita ya nanofaradi 100 (ya kutuliza umeme wa aisii) umeiweka pembeni kule kwa kuwa ilipendeza, itavutiwa treki ndefu mpaka kwenye aisii na kazi yake imekufa. Isogeze ibanane na pini za umeme. Kristali (inayoipa maikrokontrola mapigo yake) vilevile. Graundi (njia ya kurudisha mkondo) ndo kubwa zaidi, yenyewe inaichukulia kama waya mwingine wowote, inaizungusha bodi nzima nyembamba, mkondo wa rilei na wa maikrokontrola wanapita uchochoro mmoja, rilei ikishtuka graundi ya mwenzake inapanda na kushuka. Mwaga shaba ya graundi eneo lote lililobaki, ya rilei irudi kwenye sapulai kwa njia yake, na angalia kama umeweka dayodi kwenye koili ya rilei, ya kumeza mshtuko inapozima. Ukiisahau hiyo, hata uchore kwa mkono wa malaika itajirizeti tu.

Upana: shaba ya kawaida ina unene wa maikroni 35, ampea 2 zinataka kama milimita 0.8 treki isipate joto sana. Pampu inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo, mimi ningeweka milimita 3 na solda juu yake. Na upande wa volti 230 uache walau milimita 6 mpaka kwenye kitu chochote cha volti ndogo, nafasi ikibana kata ufa kwenye bodi. Hapo otorauta inapita bila hata kupiga hodi.

Mimi navyofanya, umeme, graundi na kristali nachora kwa mkono, nazifunga kwa kufuli zisiguswe, ndo naiachia vinyaya vya taa na vitufe. Na jaribu ile rauta ya mkono ya KiCad inayosukuma treki nyingine pembeni unapopita, wameichangia watu wa CERN. Ukiizoea, bodi kama yako ni kazi ya jioni moja.

Swali: Fundi, niko Kimara. Bodi yangu ni ya ESP32 (maikrokontrola yenye WiFi), na WiFi inashika nikiwa mlangoni kwa rauta ya intaneti tu. Treki kazipanga otorauta.

Jibu: Geuza bodi utazame chini ya antena. Kama kuna treki au shaba umeipata. Hapo hapatakiwi shaba tabaka lolote, chora eneo la marufuku kabla ya kutoa DSN na antena ikae ukingoni.