Tairi za ndege zikigoma, wewe abiria fanya hivi

Kila nikisimulia hii stori watu wananiuliza swali moja tu, uliomba? Niliomba ndio, tena sana, ila kuna vitu ningekuwa navijua siku ile ningeomba huku nimetulia.

Ilikuwa hivi. Tunashuka, uwanja tunauona kabisa, mimi nimekaa nyuma kidogo ya bawa na ile sauti ya chini ya sakafu nishaizoea, unasikia mngurumo milango ikifunguka, upepo unavuma, alafu gdum, tairi zimejifunga. Siku hiyo mngurumo ukaja, gdum nayo ikaja, watu washaanza kushikashika mabegi yao, ghafla injini zikaunguruma pua ikanyanyuka tukarudi juu. Alafu kimya. Dakika kama tano nzima hakuna anayetuambia kitu, na mimi nilikasirika kuliko nilivyoogopa, yani mtu anashindwaje kusema hata neno moja?

Sasa hivi ule ukimya nauelewa. Rubani kazi yake ya kwanza ni kurusha ndege, kuongea na sisi kunakuja baadaye, na hilo sheria ya anga imejifunza kwa damu. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya kampuni ya Eastern ya Marekani ilikuwa inataka kutua Miami, taa ya tairi ya mbele haikuwaka, watu wa chumba cha rubani wote wakahangaika na kile kibalbu kilichoungua na hakuna aliyeona kwamba ndege inashuka taratibu gizani mpaka ikaingia kwenye kinamasi, wakafa watu 101. Kibalbu jamani! Miaka sita baadaye, 1978, ndege ya kampuni ya United, pia ya Marekani, ilizunguka karibu na Portland kama saa nzima wakishughulika na tatizo la tairi mpaka mafuta yakaisha angani, wakafa 10. Hizo ajali ndo zilichangia marubani waanze kufundishwa kugawana kazi, mmoja anarusha mwingine anasoma orodha ya hatua, na mdogo anaruhusiwa kumwambia kapteni mafuta yanaisha mzee. Kwahiyo wakikaa kimya usimfokee mhudumu kama nilivyofanya mimi (alinitazama tu, nikaona aibu).

Rubani alipoongea alisema taa moja kati ya zile tatu za tairi haijawaka kijani. Nikajua tumekwisha. Kumbe taa kutowaka haina maana tairi haijatoka, mara nyingi ni sensa tu (kile kifaa kinachohisi kama tairi imetoka), na hata kama kweli imegoma kuna njia ya pili, wanafungua kufuli alafu tairi inashuka yenyewe kwa uzito wake. Kwenye Boeing 737 kuna vishikio vitatu chini ya kifuniko sakafuni kwa rubani, unavivuta kimoja kimoja, kwenye Airbus A320 unazungusha mpini mara 3. Hivi vitu sio hiari ya kampuni, ndege ya abiria haipewi cheti bila hiyo njia ya pili.

Tukazunguka dakika 40 na kitu. Ndege nyingi ndogo kama hizo mbili nilizotaja haziwezi kumwaga mafuta angani, lazima yaunguzwe ili ndege iwe nyepesi kabla ya kutua, ndo maana A320 ya kampuni ya JetBlue ya 2005 yenye tairi ya mbele iliyopinda digrii 90 ilizunguka kama saa tatu kabla ya kutua Los Angeles, cheche zinaruka, na hakuna aliyeumia kati ya watu 146. Kingine ni ile Boeing 767 ya LOT, kampuni ya ndege ya Poland, iliyotua kwa tumbo Warsaw 2011 ikiwa na watu 231, wote wakatoka wazima. Baadaye ikakutwa breka moja ya umeme (swichi ya usalama) imejizima, wakairudisha, tairi zikatoka vizuri tu! Ila sitakudanganya kwamba huwa inaisha hivyo kila mara. Desemba 2024 kule Muan, Korea Kusini, ndege ya Jeju Air ilitua bila tairi ikapitiliza mwisho wa ranwei ikagonga tuta lenye zege lililobeba antena, wakafa 179 kati ya 181, wakati vitu vya sehemu kama ile vinatakiwa viwe vya kuvunjika kirahisi.

Wewe kwenye siti unachoweza ni kidogo, ila kina uzito. Mkanda ukae chini kwenye mifupa ya nyonga, usiuache tumboni, na ubane. Ukiambiwa jikinge, kichwa kiegemee siti ya mbele, miguu chini. Hesabu siti mpaka mlango wa dharura, kwa kugusa, maana kukiwa na moshi huoni kitu. Ndege inatakiwa iwe imethibitisha inaweza kutoa watu wote kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa, ila kwenye yale majaribio hakuna mtu anayehangaika kushusha begi. Moscow 2019 ndege ya kampuni ya Aeroflot ya Urusi ilivunjika miguu ya tairi wakati wa kutua ikashika moto, wakafa 41, na kwenye video watu wanaonekana wanatoka na mabegi. Begi acha. Pasipoti na simu viweke mfukoni mapema.

Na viatu! Usivue viatu wakati wa kupaa na kutua, labda viwe vya kisigino kirefu, hivyo vinatoboa slaidi, lile puto la kuteleza kutoka mlangoni. Kaka wa pembeni yangu alikuwa ameshavua raba zake toka mwanzo, dakika zote zile akawa anapapasa chini ya siti kwa mguu, moja akaipata, nyingine hola.

Tukatua. Tairi zote zilikuwa zimetoka, sensa ndo ilikuwa mbovu. Ila breki zilishikwa kwelikweli, na ndege iliposimama mama mmoja siti tatu mbele akanyanyua raba juu akauliza hii ya nani.