Gobore Si Bastola ya Kwenye Simu: Kwa Mnaoanza Kazi Stoo

Wadogo zangu mliokuja Tabora kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye stoo yetu ya vitu vya kale, mwangaluka.

Juzi nimepita stoo nikawakuta watatu mmeinamia simu moja. Mmarekani anachomoa silinda (ile inayozunguka na kubeba risasi) ya bastola ya baruti, anachomeka nyingine, anapakia risasi za kisasa, pa pa pa, makopo yanaanguka. Sawa, video tamu. Kilichonikera ni mmoja wenu kuligeukia gobore, bunduki ya kushindilia kwa mdomo, lililolala mezani na kuuliza, "Kaka, hili nalo si linabadilishika?" Kila kundi linalokuja linauliza hivyo hivyo, utadhani mnaachiana urithi. Na kila kundi, baada ya swali hilo, linaharibu vitu vile vile kwa mpangilio ule ule. Kwa hiyo leo naandika, mbandike ukutani, na mtakaowapokea waandikieni pia.

1. Gobore lina kitu ndani mpaka uthibitishe kwamba halina.

Chukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia, au kijiti cha mti kama mdeki umepotea, uteremshe taratibu hadi ugote. Weka alama kwa kidole pale mdomoni, uchomoe, kisha uulaze nje sambamba na mtutu. Ukiishia mbali na kitako cha mtutu, basi kuna kitu kimelala mle. Muda wote huo mdomo wa bunduki hautazami tumbo la mtu, na wewe husimami mbele yake. Ukikuta limeshindiliwa, usichokonoe. Weka chini, toka nje, niite, nami nitawaita polisi. Baruti iliyokaa pakavu haichachi kama maziwa. Ya wakati wa mababu bado inaweza kuwaka leo.

2. Kwa nini bastola ya Mmarekani inabadilika na gobore la babu halibadiliki.

Hili nitalieleza mara moja tu. Zile za kwenye video si za kale. Ni nakala, nyingi zimetengenezwa Italia, Gardone Val Trompia na jirani zake, na viwanda kama Uberti na Pietta, kwa chuma cha kisasa na vipimo vinavyolingana. Silinda ya kubadilishia imechongwa kwa ajili ya modeli fulani ya kiwanda fulani. Hata hivyo watengenezaji wake wenyewe wanaonya: fremu iwe ya chuma, si ya shaba, na risasi ziwe za nguvu ndogo. Hata namba zake zina hila. Bastola ya baruti inayoitwa .44 tundu lake linakaribia inchi 0.45, ndiyo maana silinda yake mpya huchukua risasi ya .45 Colt, na ile ya .36 huchukua .38. Anayeamini namba iliyoandikwa bila kupima anajitafutia balaa.

Sasa njoo kwa gobore. Silinda iko wapi? Hakuna. Mtutu umezibwa nyuma, na njia pekee ya moto ni kitundu cha fataki, kile kidude kinachogongwa kuwasha baruti. Chuma chenyewe hujui kimetoka wapi, na mengine yaliyofuliwa huku kwetu mtutu wake ulianza maisha kama bomba la maji. Baruti nyeusi lenyewe linaistahimili, siku njema. Baruti isiyo na moshi, iliyoanza kuenea majeshini miaka ya 1880, ina mgandamizo mkubwa kuliko hapo. Litapasuka usoni mwako, na utakayepona utaelezea mahakamani, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na fundi wa silaha asiye na leseni. Sisi tunaorodhesha vitu vya kale. Hatufungui karakana.

Anayetaka kujua mabadiliko ya kweli ya kale yalikuwaje, asome habari za Rollin White, fundi wa bunduki wa Marekani. Mwaka 1855 alipata hataza (haki ya kuzuia wengine wasiige) ya silinda iliyotobolewa tundu moja kwa moja hadi nyuma, Smith & Wesson wakaishika. Kwa hiyo hadi 1869, ilipokwisha muda, mtengenezaji mwingine wa Marekani aliyetaka bastola ya kupakiwa risasi kwa nyuma ilibidi awalipe au azunguke. Kiwanda cha Remington walilipa. Colt wakazunguka, wakatoa mtindo wa Thuer ambao risasi inaingizwa kwa mbele ya silinda, kichekesho kitupu. Hataza ilipoisha ndipo Colt wakazigeuza bastola zao za modeli ya 1860 kwa mtindo wa Richards: nyuma ya silinda kunakatwa, panawekwa bamba lenye kilango cha kupakilia, na palipokuwa na wenzo wa kushindilia panawekwa kijiti cha kusukumia maganda. Kwa hiyo ukikuta umbo la 1860 lenye kilango upande wa kulia, usiandike 1860 kwenye kadi. Bunduki iliyogeuzwa ina umri wa aina mbili, na kadi iuoneshe wote.

Na tafadhali, ile bastola iliyoachwa na watu waliokuja kupiga picha za filamu. Mwenzenu wa kundi lililopita aliiandikia kadi: "Bastola ya mvumbuzi, takriban 1871." Kwenye mtutu wake kuna maandishi ya Kiingereza yanayosema baruti nyeusi tu, na pembeni jina la Italia. Mvumbuzi Stanley alipita hapa mwaka 1871 kweli, ila hakupitia duka la Gardone la karne ya ishirini.

3. TOWER si pasipoti.

Mtambo (sehemu ya kufyatulia) wenye taji na neno TOWER, alama ya silaha za serikali ya Uingereza, unawatia wazimu. "Kaka, bunduki ya Malkia!" Pole. Mafundi wa Birmingham waliligonga neno hilo kwenye bunduki za biashara kwa maelfu, na wenzao wa Liège, Ubelgiji, wakaiga. Kila mzee anayeleta gobore atakwambia lilikuwa la Stanley au la Mtemi Mirambo, na wewe utaandika kwa heshima kama alivyosema, kwenye mstari wa maelezo ya mwenye mali. Mstari wa aina ya bunduki ni wako. Usichanganye mistari hiyo miwili. Mzee wa watu umpe shikamoo, umpe kiti, umsikilize hadi mwisho, halafu ukipime chuma.

Mnaoshangaa kwa nini stoo imejaa magobore na gumegume (zinazowashwa kwa jiwe), na za risasi ni chache, kumbukeni Mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na zilizoachiwa mlango ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Siyo kwamba Wanyamwezi hawakuzitaka nyingine. Mirambo alizitafuta kwa bidii zote hadi anakufa, 1884.

4. Msasa. Hapa kaeni vizuri.

Mzee mmoja wa upande wa Sikonge alituletea gobore la ukoo wao. Jeusi tititi, moshi wa dari wa miaka mingi umeganda juu yake. Shingo ya tako ilikuwa imepasuka zamani, na fundi asiyejulikana akaizungushia ngozi mbichi ya ng'ombe, akaishona kwa ugwe, ngozi ikakauka ikabana kuliko msumari. Ukipitisha kidole unahisi mashimo ya sindano, moja moja. Hadithi ya familia: babu wa babu alilibeba akiwa na watu wa Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa Tabora, na alikimbia nalo siku ngome yake ilipoanguka, Januari 1893, Isike alipojilipua kwa baruti yake kuliko kukamatwa na Wajerumani.

Hadithi kama hizo tunazo gunia zima. Ila hii ilikuwa na dawa. Kwenye mtutu, chini ya masizi, kulikuwa na duara refu lenye herufi E, L, G na nyota: alama ya majaribio ya Liège, inayogongwa mtutu ukishapimwa nguvu. Alama hiyo iliongezewa taji juu yake mwaka 1893, baada ya ngome kuanguka. Mnaelewa maana yake? Ikiwa na taji, hadithi imekufa, gobore lilikuja baadaye. Ikikosa taji, hadithi haijathibitika, lakini imesimama kwa miguu yake. Swali lote la ukoo ule lilikuwa kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Ila wakati huo hakuna aliyejua habari za taji. Tulijua kwamba mgeni rasmi anakuja Alhamisi na kwamba vitu vinatakiwa ving'ae. Mmoja akaleta msasa wa duka la vifaa vya ujenzi, mwingine mafuta ya taa, mimi nikashika kopo la Brasso. Tulisugua tukiimba. Mtu mzima nawaambia, tulikuwa tunaimba! Herufi zikaonekana kwanza, tukafurahi, tukazidisha ili zionekane zaidi. E ikabaki nusu. Juu ya duara pakawa panang'aa kama sufuria mpya. Kama palikuwa na taji, limo kwenye vumbi tulilofagia tukalitupa nje karibu na mwembe.

Mgeni rasmi alitazama kwa muda wa kupiga picha moja, akaulizia choo.

Mzee akaja wiki iliyofuata na mjukuu wake. Tukamtolea gobore kwa fahari. Akalipokea, akaligeuza, akarudisha mezani. "Hili si letu," akasema. "Letu jeusi." Tukamwonesha ngozi ya kwenye shingo. Akaipapasa, akahesabu mishono kwa kidole, akanyamaza, kisha akamwambia mjukuu wake wabebe waende. Hakutugombeza. Nilitamani atugombeze. Kadi yake imebaki bila kitu, na kwenye mstari wa mwaka kuna alama ya kuuliza niliyoiandika mwenyewe, kwa sababu sasa hakuna mtu duniani anayeweza kuijibu.

Ndiyo maana nikiona kijana ameshika msasa stoo napandwa na mori. Brashi laini, kitambaa kikavu, basi. Piga picha alama zote kwa mwanga wa pembeni kabla ya kugusa chochote, hata kama kitu ni kichafu hadi kinanuka.

5. Si kila cha Mbelgiji kililetwa na askari wa Mbelgiji.

Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kweli. Lakini bunduki za Liège zilikuwa zikipita Zanzibar na kupanda na misafara huku zamani kabla ya hapo. Ukiona ELG usikimbilie vita.

6. Madogo madogo.

Kadi ifungwe kwa uzi, isigundishwe. Andika kwa penseli. Mikono iwe mikavu, jasho la chumvi linakula chuma. Mtambo usiukokoe ukauachia mtupu, utavunja chuchu ya fataki. Usipige selfi umelenga. Embe linaliwa nje.

7. Mkiipata Snider.

Hii naisubiri tangu niajiriwe. Mwaka 1866 Waingereza walianza kutumia mtindo wa Jacob Snider: bunduki za Enfield zilizokuwa zikishindiliwa kwa mdomo zikakatwa nyuma ya mtutu, zikafungiwa kizibo chenye bawaba upande wa kulia. Unakifungua, unatia risasi, unafunga. Mtambo wa zamani ukaachwa pale pale, kwa hiyo tarehe iliyochorwa kwenye mtambo ni ya mtambo tu. Kwa mbali utadhani ni gobore la kawaida, na ndivyo ninavyohofia kwamba moja imeshapita mikononi mwa mtu akaiandika "gobore, kubwa".

Basi mzee yeyote akileta chenye bawaba pale, msifute vumbi, msiguse msumari, mpeni chai, msimruhusu aondoke. Nipigieni hata saa nane usiku. Isipokuwa Ijumaa mchana, nakuwa msikitini.