Kichefuchefu cha kila asubuhi, vipimo safi: jibu kwa mama wa binti wa miaka 14

Pole dada. Umesema binti haishi kichefuchefu, hatapiki, vipimo havioni kitu, amepewa dozi za "taifodi sugu" pamoja na Flagyl, na shuleni wanadai anategea. Hategei. Wangu alipitia hayo hayo tukiwa Kirumba, Mwanza, na maneno ya watu yalimuumiza kuliko tumbo lenyewe.

Hakikisha kwanza kama choo kimepimwa kichocho. Sisi wa kando ya ziwa malaria tunapimwa kila mara, kichocho kinasahaulika. Kipimo cha mimba nacho ni cha kawaida kwa umri huo, ila aelezwe kabla, asiviziwe. Na hizo dozi za "taifodi sugu" ziulizie vizuri. Kipimo cha Widal huweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo, na Flagyl yenyewe huleta kichefuchefu.

Kilichotufungua macho ni kwamba wangu alikuwa akizidiwa akisimama: mstarini asubuhi, au kwenye hiace iliyojaa. Daktari wa watoto akamlaza, akahesabu mapigo ya moyo, kisha akamsimamisha dakika 10 akiendelea kuhesabu. Kwa miaka 12 hadi 19, mapigo yakipanda 40 au zaidi kwa dakika bila presha kushuka, yanahitaji kufuatiliwa. Damu inatuama miguuni, moyo unakimbia kufidia, kizunguzungu na kichefuchefu vinafuata. Wapo wasio na tatizo hilo. Kwao mawasiliano ya tumbo na ubongo ndiyo yamekuwa makali mno. Wasiwasi huyachochea, lakini mtoto hajifanyishi.

Tulianza na maji ya kutosha kabla hajatoka kitandani, chumvi kuongezwa kwa maelekezo ya daktari, chakula kidogo kidogo hata kama ni uji nusu kikombe, na simu kulala sebuleni ili naye alale. Akafundishwa kuvuta pumzi taratibu kwa tumbo. Shule ndiyo ilitaka moyo. Tulikubaliana na mwalimu wa darasa aanze na vipindi vichache, aende hata kichefuchefu kikiwepo, maana kushinda amelala kunazidi kuulegeza mwili. Nafuu ilikuja polepole, kwa miezi, na siku mbaya zilikuwepo.

Akipungua uzito, akitapika damu au nyongo ya kijani, macho yakiwa ya njano, maumivu yakimwamsha usiku, au akiamka na kichwa kikali na kutapika, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Wako je, akilala chini anapata nafuu? Na mapigo yake yamewahi kuhesabiwa akiwa amesimama?